Bionicle: je, ni kweli utamu uliishia 2003?

Swali la msomaji: "Nimenunua boksi la Bionicle zilizotumika, ile midoli ya LEGO ya kuunganisha, vipande vimechanganyika vyote. Mwanangu ana miaka 9 na kila siku ananiuliza hawa ni akina nani. Nikisoma mtandaoni nakuta watu wazima wakigombana: wengi wanasema hadithi ya 2001 hadi 2003 ilikuwa rahisi na tamu, kisha ikatanuliwa mpaka ikaharibika. Ni kweli? Nimsimulie ipi, na niishie wapi?"

Ndugu, anza na miaka mitatu ya mwanzo, lakini usikubali kwamba ubora wake unatokana na urahisi. Wanaoililia 2001 wanakumbuka vizuri kilichowanogea, ila wakitaja sababu wanateleza. Hadithi ilikuwa nzito tangu siku ya kwanza. Msimulizi ndiye aliyekuwa mchache wa maneno. Baadaye msimulizi akawa mwingi wa maneno, na mambo yakaanza kulegea. Ukishika tofauti hiyo utajua cha kumsimulia mtoto na cha kuruka, maana ndani ya miaka inayobezwa kuna sehemu mbili tatu zinazozidi chochote cha mwanzo.

Msingi kwanza. LEGO ya Denmark ilitoa Bionicle mwaka 2001, baada ya kujaribu midoli ya jamii hiyo kwa Slizer (1999) na RoboRiders (2000), ambayo haikudumu. Kisa chenyewe unaweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Kuna kisiwa kiitwacho Mata Nui, jina la roho kuu aliyelazwa usingizi na nduguye, Makuta. Kisiwani wanaishi watu wadogo katika vijiji sita, kila kijiji na mzee wake, Turaga. Siku moja makopo sita yanaletwa ufukweni na mawimbi, na ndani yake wanatoka mashujaa sita wasiokumbuka walikotoka: Tahu wa moto, Gali wa maji, Kopaka wa barafu, Lewa wa hewa, Onua wa udongo na Pohatu wa mawe. Wakusanye barakoa zenye nguvu, wamkabili Makuta, wamwamshe aliyelala. Hao sita ndio Toa. Neno ni la Kimaori, maana yake shujaa. Mwanao akilisikia kama kitenzi chetu mwache acheke kidogo, halafu endelea. Na kama nyumbani kuna mzee aliyeishi Zaire, jina Makuta litamkumbusha chenji: makuta 100 yalifanya zaire moja.

Majina mengine yanatisha ukiyaona kwa mara ya kwanza, ila msemaji wa Kiswahili ana upenyo wake. Yamejengwa kwa viambishi. Ta- ni moto, Ga- maji, Ko- barafu, Le- hewa, Onu- udongo, Po- mawe. Mwishoni ukiweka -Koro unapata kijiji, ukiweka -Wahi unapata eneo zima. Basi Ta-Koro ni kijiji cha moto, Ko-Wahi ni nchi ya barafu, kama sisi tunavyobadilisha kiambishi mbele ya -swahili tukapata mtu, lugha na pwani yake. Mtoto akishika viambishi sita na viishio viwili amepata majina 12 bila kukariri hata moja. Huo ndio uchumi wa maneno wa mwanzo. Linganisha na 2006, wabaya wanaoitwa Piraka walipoingia: Zaktan, Hakann, Vezok, Thok, Avak, Reidak. Hakuna jina linalokufungulia lingine. Kila moja ni mzigo wake.

Lakini siri kubwa ya 2001 haiko kwenye majina. Iko mkononi mwa mtoto. Kila ambacho mdoli aliweza kufanya kilikuwa tukio la hadithi, na kila tukio kubwa la hadithi liliwezekana sakafuni. Toa wa dukani aliuzwa ndani ya kopo, na kopo hilo ndilo alilofikia ufukweni. Mgongoni mwa Toa kuna gia. Ukiizungusha mkono unapiga. Unapiga nini? Wanyama wa kisiwa, Rahi, wamevishwa barakoa zilizooza na Makuta, na barakoa hizo ndizo zinazowatawala. Boksi la Rahi lilikuwa na wanyama wawili ili watoto wawapambanishe: barakoa inashikilia kwa kubana tu, ikipigwa inaruka, na inaporuka mnyama yuko huru. Hakuna mtu anayekufa, kuna kushinda na kushindwa, na sheria ya mchezo na sheria ya hadithi ni kitu kimoja. Mtoto hahitaji kuelezwa kwa nini barakoa ni muhimu. Ameiona ikidondoka.

Barakoa zenyewe pia. Kubwa zilikuwa na maumbo sita: Hau ya kujikinga, Kaukau ya kupumua majini, Miru ya kuelea, Kakama ya mbio, Pakari ya nguvu na Akaku ya kuona kupitia vitu. Kila umbo lilitolewa katika rangi za Toa wote sita, jumla 36, kwa sababu kila Toa anatakiwa awe na zote sita. Pakiti za barakoa ziliuzwa bila kuonyesha kilichomo. Ni biashara, ndiyo, na ya kukamua mifuko ya wazazi. Lakini mtoto anayefungua pakiti akatoa Kakama asiyokuwa nayo alikuwa anafanya kile kile Toa wake alichokuwa anafanya kwenye pango la kisiwa. Hata kaulimbiu ya umoja ilikuwa na vipande vyake: Tahu, Onua na Pohatu walijengwa pamoja wakawa kiumbe kimoja, Akamai; nao Kopaka, Lewa na Gali wakawa Wairuha.

Mwaka 2002 kanuni hiyo ilishikiliwa, pengine kwa ustadi zaidi. Bohrok ni makundi ya viumbe wanaoamka chini ya kisiwa na kukisafisha, yaani kufuta kila kilicho juu yake. Mdoli anajikunja akawa kama yai na kuning'inia ndani ya kopo lake. Hicho ndicho kiota. Kichwani, nyuma ya kioo cha macho, kuna kitu laini kiitwacho krana, chenye aina nane. Kichwa kinajirusha mbele. Katika hadithi krana ikimdaka mtu usoni badala ya barakoa yake, inamtawala. Mwaka 2003 wakaja Rahkshi: mavazi ya chuma matupu yanayotembea, na ukifunua unakuta mnyoo, kraata, ndiye dereva. Tazama mtiririko: barakoa inayotawala, krana inayotawala, mnyoo anayetawala. Wazo moja limegeuzwa mara tatu, kila mara linatisha kidogo zaidi, na mtoto analishika kwa vidole.

Jambo la pili lililofanya mwanzo uwe na nguvu ni mahali pa kutazamia. Mwaka 2001 studio ya New York iitwayo Templar ilitengeneza mchezo wa mtandaoni uliotoka sehemu kwa sehemu. Humchezi Toa hata mmoja. Unamchezesha Takua, mtu mdogo asiye na uwezo wowote, anayetembea kijiji hadi kijiji akiuliza maswali na kutatua shida za watu. Toa unawaona mara chache, na wanapoonekana moyo unaruka, kwa sababu umewasubiri. Makuta anafichwa mpaka mwisho, na anapojitokeza si jitu lenye mapembe: ni kimbunga cha vipande vinavyozunguka, vipande vile vile ulivyomwaga sakafuni. Kwa mtoto aliyetoka kubomoa mdoli wake dakika tano zilizopita, adui aliyeundwa kwa vipande visivyojengwa anaeleweka kuliko maelezo yoyote.

Sasa tufike kwenye kile ambacho wapenzi wa mwanzo husahau. Hadithi hii "rahisi" ilikuwa na sakafu ya chini iliyofichwa. Christian Faber, mkurugenzi wa sanaa katika kampuni ya matangazo ya Advance mjini Copenhagen, ni mmoja wa waliobuni Bionicle, na ameeleza hadharani lilikotoka wazo: alikuwa akitibiwa uvimbe usio wa saratani kichwani, akawaza dawa kama askari wadogo wanaotumwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Rudi kwenye makopo sita yanayofika kwa aliyelala. Ni vidonge. Kisiwa kimekaa juu ya uso wa jitu la chuma, jitu hilo ndilo Mata Nui, na Toa ni dawa ya kumwamsha. Wasomaji walifunuliwa haya mwaka 2008. Msimulizi alikuwa anajua tangu mwanzo, na ujuzi huo unahisika hata pale usipotajwa: kwa nini Bohrok wanafuta kisiwa? Kwa sababu jitu haliwezi kuinuka na kisiwa usoni. Mwaka 2002 hakuna aliyesema hivyo, lakini matendo ya Bohrok yalikuwa na mpangilio wa watu wanaofanya kazi, wasiochukia mtu. Watoto walihisi kuna jambo.

Kwa hiyo hoja ya "rahisi dhidi ya kutanuliwa" imekaa upande. Hadithi iliyo rahisi kweli, isiyo na kitu chini yake, iliwahi kujaribiwa kwa jina hili hili. Mwaka 2015 LEGO waliirudisha Bionicle upya: kisiwa kipya, Okoto, Toa wale wale sita, ndugu wawili wachonga barakoa, mmoja mwema na mmoja aliyepotoka. Midoli ilikuwa imara kuliko ya zamani, viungo vyake bora, na barakoa zilirushwa kwa kubonyeza kitufe kichwani, yaani walikuwa wameelewa somo la mkononi. Ilifungwa 2016. Sababu za biashara zipo, lakini upande wa usimulizi kasoro iko wazi: kila kilichosemwa ndicho kilichokuwepo. Hakuna kijiji unachokijua kwa majina ya watu wake, hakuna swali linalobaki usiku. Urahisi ulikuwepo, tena mwingi.

Na upo mfano wa kinyume kabisa, wa Marekani. Mattel walipotoa Masters of the Universe mwaka 1982, vijitabu vya kwanza vilivyofungashwa na midoli vilimwonyesha shujaa wao, He-Man, kama mpiganaji aliyeacha kabila lake la porini. Hakuna mwana wa mfalme. Prince Adam, mwana wa mfalme ambaye kwa siri ndiye He-Man, na maisha yake mawili vililetwa baadaye, vikakita mizizi na katuni za Filmation za 1983, na ndivyo karibu kila mtu anavyoijua hadithi hiyo leo. Pale nyongeza ilishinda mwanzo, kwa sababu mwanzo ulikuwa na mdoli na upanga lakini haukuwa na swali. Adam alileta swali: je, watamtambua?

Turudi kwetu. Ni nini hasa kilichoharibika baada ya 2003? Chanzo ni kalenda. Duka lilihitaji kikosi cha sita nusu ya kwanza ya mwaka na kikosi kingine cha sita nusu ya pili, pamoja na maboksi makubwa, kila mwaka. Mwandishi mkuu wa vibonzo na vitabu, Greg Farshtey, alipewa midoli iliyokwisha kubuniwa na kazi ya kuitafutia sababu ya kuwepo. Alifanya kazi hiyo kwa bidii isiyo ya kawaida, na sehemu ya lawama anazopewa si haki. Lakini angalia kinachotokea kwa silaha. Mwaka 2004 ni visahani vya Kanoka, 2005 ni Rhotuka inayozunguka, 2006 tufe za Zamor, 2007 Cordak, 2008 Midak, 2009 Thornax. Kila mwaka kitu kipya cha kufyatua, na kila kimoja kinadai historia yake. Zamor peke yake ndiyo iliyokaa vizuri, kwa kuwa Piraka waliitumia kuwatumikisha wakazi wa kisiwa cha Voya Nui, yaani lile wazo la zamani la kitu kinachotawala akili limerudi kwa umbo jingine. Nyingine ni bunduki tu zilizopewa majina.

Wakati huo huo barakoa, moyo wa mchezo, ikawa inasukumwa pembeni. Toa Hordika wa 2005 hawawezi kutumia uwezo wa barakoa zao. Glatorian, wapiganaji wa 2009, wanavaa kofia za chuma zisizo na uwezo wowote. Mtoto aliyefundishwa miaka minne kwamba barakoa ni kila kitu ameambiwa sasa kwamba ni pambo. Gia za mgongoni nazo ziliondoka kwa midoli ya makopo ya 2006. Tulipata viungo vingi zaidi, picha nzuri za kabatini, tukapoteza kile kitendo kimoja kilichofungamana na hadithi. Watu hulalamikia maandishi, lakini nusu ya hasara ilitokea kwenye plastiki.

Halafu kuna idadi. Makuta wa 2001 ni mmoja, kivuli. Baadaye tunajua jina lake la binafsi, Teridax. Tunajua pia kwamba Makuta ni jamii nzima, karibu mia, wenye undugu wao na mipango yao. Uovu uliokuwa na uso usioonekana ukawa na orodha ya wanachama. Miaka nayo ikafura: wakazi walikaa kisiwani miaka 1,000, baadaye mambo yanaanza miaka 100,000 nyuma. Jitu likapewa urefu, futi milioni 40, takriban kilomita 12,000, karibu sawa na upana wa dunia tunayoikanyaga. Namba ya aina hiyo haimuongezei mtoto mshangao. Inamfanya achukue kikokotoo. Farshtey pia alikuwa akijibu maswali ya mashabiki mtandaoni, na majibu yakahesabiwa kuwa sehemu ya hadithi. Ni ukarimu mkubwa kwa wasomaji, na ni sumu ya taratibu kwa hadithi iliyojengwa kwa kunyamaza. Kila swali lililojibiwa ni mlango uliofungwa, hata pale jibu lilipokuwa zuri.

Niseme na hili, maana wapenzi wa mwanzo hulipita haraka: 2001 haikuwa safi. Maneno mengi yalichukuliwa kutoka Kimaori na lugha nyingine za Pasifiki, na mwaka huo huo Wamaori walilalamika. Watu wadogo walikuwa wakiitwa Tohunga, ambalo kwa Kimaori ni jina la heshima la mtaalamu au mshika dini, si mwanakijiji wa plastiki. Wakabadilishwa kuwa Matoran. Jala akawa Jaller, Huki akawa Hewkii, Maku akawa Macku. Wamaori walikuwa na haki ya kudai, na kwa kusoma kwako hili lina matokeo ya moja kwa moja: ukikuta Jala kwenye mchezo na Jaller kwenye filamu, ni mtu yule yule.

Sasa zile sehemu za baadaye zinazozidi mwanzo. Zina tabia moja: zinavuna kilichopandwa. Mwaka 2004 hadithi inarudi nyuma kwenye jiji la Metru Nui na kutuambia kwamba wale wazee sita, Turaga, waliwahi kuwa Toa. Ukichukua mdoli wa Turaga Vakama wa 2001 utaona barakoa yake, Huna ya kujificha, umbo dogo. Kijana Vakama wa 2004 anavaa Huna kubwa. Kilichoonekana kama pambo la mzee ni mabaki ya ujana wake. Na ukirudi kwenye mchezo wa 2001 ukamtazama mzee huyo akikwepa swali, unamwona upya. Hiyo ni nyongeza halali.

Kubwa kuliko zote ni Matoro. Mwaka 2001 yeye ni kijana wa kijiji cha barafu ambaye kazi yake ni kumtafsiria Turaga Nuju, mzee asiyesema ila kwa sauti za ndege na ishara za mikono. Mkalimani, mtu anayesema maneno ya mwenzake. Unampita bila kumkumbuka. Mwaka 2006 anageuzwa Toa, na mwishoni mwa 2007 Mata Nui akiwa amekufa kabisa, ni yeye anayevaa barakoa ya uhai, Ignika, akijua itammaliza. Anayeyuka kuwa nuru, lakini kabla ya hapo anawaokoa wenzake. Habari hii isingewezekana 2001, kwa sababu ilihitaji miaka sita ya mtu huyo kuwa si lolote. Anayesema hadithi nzima ya baadaye ni takataka hajamsoma Matoro.

Na mwisho wa 2008. Toa wanakamilisha kazi waliyotumwa tangu siku ya ufukweni, jitu linaamka, na Makuta tayari ameuteka mwili wake. Walitimiza wajibu wao wote, na wajibu huo ukamfaidi adui. Ni mwisho mchungu uliojengwa kwa vipande vya 2001, na kwa maoni yangu ndio mwisho halisi wa hadithi. Kinachofuata, jangwa la Bara Magna mwaka 2009, kinamfanya Mata Nui apate mwili na awe shujaa anayetembea na kuzungumza. Roho ambaye nguvu yake yote ilikuwa kutojibu sasa anapiga soga. Mwaka 2010 yalitoka maboksi sita madogo tu, vita vikamalizwa, na visa vilivyoendelea mtandaoni vikakatika 2011 bila kufika mwisho. Hivyo viruke kabisa. Mtoto wa miaka 9 hasamehe hadithi iliyoachwa njiani.

Kipimo cha kutumia ukiwa na shaka na kipande chochote cha baadaye: je, kinabadilisha kile mkono unachofanya na mdoli, au kinabadilisha namna unavyoliona tukio la zamani? Kikifanya moja kati ya hayo, msimulie. Kisipofanya lolote, ni jina jingine tu la kukariri.

Kwa vitendo, fanya hivi. Usiku sita wa kwanza, kijiji kimoja kila usiku, robo saa inatosha, ukimfuata Takua na si Toa. Mchezo wenyewe ulitengenezwa kwa Flash, programu ya zamani ya michezo ya mtandaoni, iliyoacha kuungwa mkono mwisho wa 2020, lakini mashabiki wameuhifadhi na unachezeka kwa programu ya kuiga Flash kama Ruffle. Mwache acheze kijiji baada ya wewe kukisimulia, kwani maandishi ni ya Kiingereza. Kisha Bohrok kwa siku nne hivi. Kisha filamu ya 2003, Mask of Light, yenye kama saa moja na dakika kumi, ambamo Takua anagundua yeye ni nani. Pumzika hapo wiki kadhaa. Akikuomba zaidi, mpe Metru Nui ya 2004, ukikaza kwenye Vakama na wazee. Ya 2005 ina giza na buibui wengi, na inarukika. Ya 2006 ifupishe kwa jioni moja ili Matoro awe ameshageuzwa Toa, kisha kaa kwenye 2007 kwa utulivu, halafu 2008 mpaka jitu linapoinuka.

Boksi lako nalo lipange kwa kufuata hadithi. Tenga kwanza rangi za 2001: nyekundu Tahu, buluu Gali, nyeupe Kopaka, kijani Lewa, nyeusi Onua, kahawia Pohatu. Vipande vyenye gia za mgongoni viweke pamoja na barakoa ngumu za maumbo yale sita. Hivyo ndivyo vya kuanzia mchezo. Barakoa laini kama mpira na panga zinazowaka taa ni za Toa Inika wa 2006. Panga hizo zina betri, usizitie majini. Vingine vioshe kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40. Jihadhari na viungo vya rangi ya kijani ya ndimu, hasa vya 2007 na 2008: kile kikombe kinachopokea kichwa cha mviringo hupasuka ubavuni, wakati mwingine siku ile ile unapokiunganisha. Sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, usikibomoe kilichokwisha kukaa, na kikipasuka usihangaike na gundi. Tafuta kiungo cha umbo lile lile katika rangi nyingine, hata kama Lewa wako atakuwa na goti jeusi.

Na akikuuliza mapema kwa nini Toa walikuja ndani ya makopo, mjibu kama Turaga wangejibu: bado.